Kisu na Nyayo za Mtu wa Tatu

Kavira mwanangu,

Umeenda kuwaaga watu wa kanisa na mvua imekushika huko, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani na kalamu. Kesho asubuhi motard atafika na pikipiki yake. Utakuwa na haraka, nami nitakuwa na machozi, kwa hiyo mbele yake sitaweza kusema hata nusu ya haya.

Mambo ya chakula, ya simu, ya kusali, ya kuchemsha maji, nimeyasema mpaka masikio yako yamechoka. Siyarudii. Barua hii ni juu ya kile kifurushi utakachokikuta chini ya blouse zako nyeupe za kazi: kopo dogo la maziwa lililofungwa kwa mpira, na kisu kimelazwa kando yake. Najua utacheka. Utasema, wamenituma Mabalako kuwa muuguzi, na mama amenifungia vitu vya mwindaji. Cheka kwanza, halafu soma.

Kisu hicho nilimwagiza fundi wa chuma wa hapa chini ya mteremko. Alikitoa kwenye resori, ile springi ya lori bovu. Alitaka kunitengenezea kirefu.

"Mama Kavira, kakisu kafupi hivi ni ka kumenya biringanya," aliniambia.

Nilimjibu kwamba kifupi ndicho kinachokaa mwilini. Kirefu unakiweka chini ukichoka, na ukikimbia kinabaki pale pale. Alinitazama, hakuuliza nilijuaje. Hapa kwetu watu hawaulizani mambo hayo.

Kwenye mpini nimezungusha kamba ya nailoni, nyembamba lakini ina nguvu, ya kutosha kufunga paa la majani kati ya miti miwili. Ndani ya kopo utakuta vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Usivitupe ukidhani ni takataka: mpira ule unashika moto hata kuni zikiwa zimelowa. Viberiti nimevichovya vichwa katika nta ya mshumaa. Kuna sindano ya kushonea magunia, chumvi kidogo, vidonge vya kusafisha maji ulivyoniletea mwenyewe kutoka shuleni, na kipande cha bâche, lile turubai, kilichokunjwa mpaka kikawa kama kitabu cha nyimbo. Kopo lenyewe ni sufuria. Hakuna kitu nilichokitoa katika kitabu. Kila kimoja nilikitamani siku fulani, na sikuwa nacho.

Nitakuambia siku hizo. Nilikuficha miaka yako yote.

Wewe umeshapita katika pori la kule uendako, Kavira. Ulikuwa tumboni mwangu, mwezi wa tano. Mimi na dada yangu Masika, yule uliyemwita Mama Mukubwa mpaka tulipomzika, tulikuwa tukiuza kule Mangina. Yeye aliuza samaki wa kukausha, mimi vitenge. Siku moja ya soko, jua likiwa limepanda, risasi zilianza kulia upande wa barabara ya Beni. Siku kama hiyo mtu hachagui njia. Anakimbilia upande ambao hakuna mtu anayetoka akilia. Sisi tulipita nyuma ya soko, tukaingia mashamba ya kakao, na mashamba yalipokwisha tukaingia pori.

Masika alikimbia na kile alichokuwa ameshika: kisu chake cha kukatia samaki. Mimi nilikimbia na gunia la vitenge kichwani.

"Kahindo, acha ile muzigo," aliniambia tulipopumzika mara ya kwanza.

"Hapana. Ni bitenge bipya."

"Bitenge itakupikia?"

Sikumsikiliza. Gunia lile nililibeba siku mbili na nusu. Lilikunywa mvua likawa zito kama mtu, na mimi na tumbo langu tukalibeba tu, kwa sababu nilifikiri nikiliacha nitakuwa nimekiri kwamba soko halitakuwapo tena kesho. Masika alitembea mbele na kisu, alikata mizizi, alikata majani ya kulalia, alikata ndizi za porini ambazo zilikuwa mbegu tupu. Mimi sikufanya chochote ila kubeba. Nguvu nilizozimaliza pale nilizitafuta baadaye nikazikosa.

Siku ya pili tulikuta baiskeli.

Ilikuwa katikati ya njia nyembamba, imelala ubavu, na bidon mbili, madumu ya mafuta ya mawese, zimefungwa nyuma. Hakuna mtu. Hakuna ndege aliyelia. Gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka pole pole, kama linavyozunguka mtu akishashuka sasa hivi. Tulisimama tukaliangalia mpaka likasimama lenyewe. Nilitaka kuita. Masika aliniziba mdomo kwa mkono wake uliokuwa unanuka samaki.

"Hapana ita. Hujui nani ataitika."

Tungeondoka hapo hapo. Lakini Masika alikuwa na kiberiti alichokifunga katika pindo la kitenge chake, na usiku uliopita hatukuweza kuwasha hata jani. Alipiga magoti, akapasua tairi kwa kisu, akavuta mpira wa ndani, akaukata vipande vipande. Alichukua na mawese kidogo katika kibuyu kilichoning'inia kwenye usukani. Nilikuwa nageuka geuka, nikaona majani ya upande wa kushoto yanatikisika, na hakukuwa na upepo. Sikumwambia. Hilo nalo ni kosa. Ukiona kitu porini, mwambie uliye naye, hata kama unaona haya kwamba ni woga tu. Mimi nilinyamaza, na kitu kile nilikibeba peke yangu, kikakua.

Jioni ile mpira uliwaka, kuni mbichi zikakubali, tukaota moto. Masika alilala. Mimi nilikaa nikiangalia mahali mwanga unapokwisha.

Kesho yake tulitembea mchana kutwa bila kuona jua, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Baada ya muda mrefu tulifika kwenye tope la kijito, tukakuta alama za miguu. Nilifurahi. Nilisema, hapa watu wamepita, tuzifuate. Masika hakufurahi. Aliweka mguu wake ndani ya alama moja, ukaingia sawasawa. Ilikuwa miguu yetu wenyewe. Tulikuwa tumezunguka tangu asubuhi.

Halafu akainama tena.

"Kahindo, sisi tuko bangapi?"

"Tuko babili. Mbona unauliza?"

"Hesabu miguu."

Nilihesabu. Kulikuwa na mguu wangu wenye kandambili iliyokatika kisigino. Kulikuwa na mguu wa Masika. Na kulikuwa na mguu wa tatu, mdogo, bila kiatu, dole gumba limejitenga na mengine. Haukuwa kando ya yetu, ulikuwa juu ya yetu. Mtu aliweka mguu wake mahali tulipotoa wetu, hatua kwa hatua, kama mtu anayeogopa kukanyaga mahali pengine.

Pale pale nililiacha gunia. Nililiweka juu ya jiwe, na sikuligeukia tena.

Tangu saa ile hatukuwa wawili. Tukisimama, kitu nyuma yetu kilisimama, lakini kilichelewa kidogo, kama mwangwi. Mara moja tulisikia kikohozi. Nilimwangalia Masika, naye ananiangalia, na midomo yetu yote miwili ilikuwa imefungwa. Masika alisema polepole, bila kugeuka, "Kama uko mutu, tokea." Hakuna aliyetokea. Jioni alifanya jambo ambalo lilinikasirisha: ndizi mbili alizozichoma, moja aliiweka juu ya jani, mbali kidogo na moto. Asubuhi jani lilikuwa tupu, limekunjwa vizuri. Nyani hakunji jani. Masika alinionyesha akitabasamu. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimewasikia wazee wa kwetu wakisema kuna vitu porini ambavyo ukivilisha mara moja vinakufuata hadi nyumbani, na nyumba yangu siku ile ilikuwa tumbo langu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Ilikuwa siku ya tano, alfajiri imeshaingia, ukungu mweupe kama maziwa. Masika alikwenda kutafuta maji. Aliniachia kisu nipasue vijiti vya kuchochea moto, kwa sababu ndani ya kijiti kilicholowa kuna moyo mkavu. Nilikuwa nimechuchumaa, mgongo wangu kwenye ukungu. Sikusikia hatua. Niliona tu mkono. Ulitokea juu ya bega langu la kushoto, mweusi, mwembamba, una tope mpaka kiwiko, unanyooka kuelekea moto.

Sikufikiri. Nilipiga na kisu.

Mtu yule hakulia. Ndilo jambo ambalo linanirudia mpaka leo. Kama angelia ningejua mara moja kwamba ni mtu. Nilisikia pumzi tu, imevutwa ndani, haikutoka. Niligeuka nikaona mwanamke, labda wa umri wangu, kitenge cha kijani kimefungwa kifuani, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono mwingine. Aliniangalia. Halafu macho yake yalishuka kwenye tumbo langu, yakakaa pale. Halafu akarudi nyuma hatua moja, mbili, na ukungu ukamfunika kama mlango unavyofungwa.

Masika alirudi akanikuta nimesimama.

"Umefanya nini?"

"Niliona mkono."

"Mukono ya nani?"

Alitazama chini, nami nikatazama. Karibu na miguu yangu kulikuwa na kuni. Zilikuwa vijiti vikavu, vimekusanywa vizuri, vinatosha mikono miwili. Sijui alivipata wapi katika pori lile lililolowa, labda alivilalia kifuani ili vikauke.

"Alituletea kuni," Masika alisema. "Alitaka kukaa kwa moto, akaleta kuni. Sawa vile mutu anaingia kwa mutu."

Aliita sana. Yeye aliyenikataza kuita, aliita mpaka sauti ikakauka: "Mama, rudi! Moto iko! Rudi!" Aliita kwa Kiswahili na kwa Kinande. Pori lilimeza kila neno. Basi akachukua zile kuni, akaziweka zote motoni ili moshi upande na mtu auone, tukangoja. Nilikuwa na baridi, Kavira, na niliota moto ule. Hilo nalo nakuambia.

Hakurudi. Tuliona damu kwenye majani, matone, kisha alama za ule mguu mdogo katika tope. Lakini sasa zilikuwa mbele yetu, hazikuwa nyuma. Tulizifuata. Ningependa kukuandikia kwamba tulizifuata ili kumsaidia. Masika alizifuata ili kumsaidia, alikwisha kuchana kitenge chake kutengeneza bandeji. Mimi nilizifuata kwa sababu zilikwenda moja kwa moja. Mtu yule alijua njia. Siku zile zote alikuwa nyuma yetu, akifikiri labda sisi tunajua iliyo salama zaidi, au akiogopa kupita peke yake. Nilipomkata, alikwenda peke yake.

Damu ilituongoza hadi mtoni, mahali ambapo mti mkubwa umeanguka ukawa daraja. Kwenye gome la mti kulikuwa na kiganja kimoja chekundu, wazi, vidole vyote vitano. Tulipofika katikati, Masika alinyoosha mkono wake nyuma bila kuniangalia. Nilimpa kisu, akakitupa majini. Upande wa pili damu haikuonekana tena, miguu tu, na mbele kidogo miguu ikaingia katika shamba la muhogo, na shamba likatoka barabarani, upande wa Kalunguta. Barabarani kulikuwa na miguu ya watu mia, wote wamekimbia. Wake ulipotea ndani ya ile mingine.

Wewe ulizaliwa Butembo miezi minne baadaye, salama, sauti yako ilisikika mpaka nje.

Nilipowasimulia watu wa kanisa nusu ya habari, bila kisu, waliniambia yule alikuwa malaika aliyetumwa kututoa. Niliitika amina. Lakini malaika hatoki damu. Nilikubali wamwite malaika kwa sababu malaika hana mkono wa kuuguzwa, wala hana kwao ambako mtu anaweza kwenda kuomba msamaha. Masika alinisikia nikiitika amina. Hakunisuta, na hakumwambia mtu yeyote mpaka alipokufa. Ila tangu siku ile hakunipa kisu mkononi. Jikoni, nikimwambia nipe kisu, alikiweka mezani, akaondoa mkono wake, ndipo mimi nikakichukua. Ulikua ukiona hivyo. Mara moja ulimwuliza, naye akakuambia ni desturi.

Haikuwa desturi.

Ulipokuwa na miaka minne nilikuwa nimekubeba mgongoni sokoni, hapa hapa Butembo. Nilisimama kwa mwanamke mmoja anayeuza mboga za lengalenga chini, juu ya gunia. Alikuwa anafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba, na alikaza fundo kwa meno. Nikaangalia kwa nini anatumia meno. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimenyooka, havikunjiki. Kovu lilianza kwenye kifundo cha mkono, likapanda hadi karibu na kiwiko.

Katika nchi yetu mikono yenye makovu ni mingi. Nilijiambia hivyo. Nilisimama pale.

"Mama, uko natetemeka," akasema. "Una malaria?"

"Hapana. Ni baridi tu."

Aliangalia nyuma ya bega langu. "Mutoto iko muzuri. Banamuita nani?"

"Kavira."

Alinyoosha mkono ule ule, akakugusa mguu kwa vile vidole viwili visivyokunjika. Ulicheka. Nilinunua mboga zake zote, kama mwizi anayelipa. Sikumwuliza anatoka wapi. Sikumwuliza kovu ni la nini. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza, nikaenda nyumbani nikapika lengalenga siku tatu mfululizo, na baba yako akauliza kama nimekuwa sungura.

Juma lililofuata nilirudi nikiwa nimejitia moyo. Mahali pake palikuwa na mwingine, anauza vitunguu.

"Yule wa mukono? Alisha rudia kwabo," aliniambia. "Ni mutu wa Mabalako."

Kutoka hapa mtaani kwetu Rughenda, Butembo, hadi Mabalako si mwisho wa dunia. Pikipiki zinakwenda na kurudi. Nilikuwa na miaka mingi ya kwenda, na kila mwaka nilipata sababu: vita, ugonjwa, mvua, biashara. Nilipoona jina la mahali kwenye karatasi yako ya kazi, nilikaa chini jikoni, na wewe ulifikiri nalia kwa sababu unaondoka.

Kwa hiyo nimekufungia kisu. Nilifikiri sana kama nina haki ya kukupa. Lakini bila kile cha Masika tungekufa, wewe nawe usingekuwa na jina. Utatembea kwenye njia zile na sanduku lako la chanjo, na siku moja labda utalazimika kukimbia na ulichoshika tu. Kishike hicho. Kitakukatia majani, kamba, moyo mkavu wa kuni. Sijui kitu kitakachotokea nyuma ya bega lako, na siwezi kukuambia ufanye nini kikitokea. Mimi nilichokifanya nimekuandikia.

Jambo moja tu nakuomba, na si la kifurushi. Watu watakuja kwako wakunje mikono ya nguo zao ili uwadunge sindano au uwapime homa. Ukiona kovu lile, mkono wa kushoto, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, na vidole viwili havikunjiki, mhudumie kama mgonjwa mwingine. Usimwambie habari yangu. Usiniombee msamaha, hiyo si kazi ya mtoto. Mwulize tu nyumba yake iko wapi, na kama anapokea wageni.

Halafu unipigie simu. Nitakuja mwenyewe, na nitamjia kwa mbele, siyo kwa nyuma, ili anione nikifika.

Mama yako,
Kahindo